Kutoka VirtualBox kwenda KVM: fundi alisema "hazikuwemo"

Data ilikuwemo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma mpaka leo. Fundi mmoja hapa Mombasa, duka lake silitaji, alilipwa kuhamisha Windows ya uhasibu kutoka VirtualBox kwenda KVM, zote mbili programu za kuendesha kompyuta ya kubuni (tuiite mashine) ndani ya kompyuta halisi, kwenye kompyuta ileile ya Debian, aina mojawapo ya Linux. Windows ikawaka, lakini hesabu zikaishia miezi kadhaa nyuma. Alipoulizwa ankara za karibuni ziko wapi, hakuinua hata macho kwenye simu yake: "Hazikuwemo. Nyinyi hamkuzihifadhi." Akatandaza mkono apewe pesa zilizobaki, na papo hapo akauliza kama afute folda ya zamani diski ipate nafasi.

Afute! Ankara zote zilikuwa mle.

VirtualBox ukipiga snapshoti, yaani alama ya kurudia hali ya mashine ilivyo wakati huo, faili la VDI la mwanzo, ndilo diski ya mashine, hufungwa lilivyo. Kila kinachoandikwa baada ya hapo huingia faili jingine, lenye jina refu la herufi na tarakimu, ndani ya folda iitwayo Snapshots. Ukiielekeza `qemu-img convert`, amri ya kugeuza diski iwe ya KVM, kwenye VDI ya mwanzo, inakubali bila kinyongo na kukupa Windows ya siku ile snapshoti ilipopigwa. Ukiielekeza kwenye faili la Snapshots inakataa, kwa kuwa haisomi VDI inayotegemea nyingine. Fundi alipokataliwa huku akakimbilia kule alikokubaliwa, wala hakujiuliza kwa nini folda ya pembeni ina makumi ya GB.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ndani ya Windows fungua amri kama msimamizi, andika `powercfg /h off` ili izimike kweli badala ya kulala nusu, ondoa Guest Additions (draiva za VirtualBox ndani ya Windows), kisha zima. Kwenye Linux andika `VBoxManage snapshot "uhasibu" list`. Kama kuna snapshoti hata moja, `VBoxManage showvminfo "uhasibu"` itakuonyesha faili ambalo mashine inalitumia sasa hivi. Hilo ndilo la kunakiliwa: `VBoxManage clonemedium disk`, njia ya faili hilo, halafu `mpya.vdi`. Amri hii husoma mnyororo mzima na kutoa diski moja iliyokamilika. Hapo ndipo unapoandika `qemu-img convert -p -f vdi -O qcow2 mpya.vdi uhasibu.qcow2`, na qcow2 ndilo umbo la diski la KVM. Pima nafasi kwanza. Diski yenye GB 40 za data itakula kama 40 kwa nakala na 40 nyingine kwa qcow2, huku ile ya zamani ikiwa bado ipo. Pakikosekana nafasi, nunua diski ya nje, usifute kitu. Faili jipya liweke `/var/lib/libvirt/images`, folda ya libvirt, programu inayoisimamia KVM. Ukiliacha kwenye folda yako ya nyumbani, mtumiaji `libvirt-qemu` hana ruhusa ya kuingia humo, na utapata `Permission denied` hata kama faili lenyewe ni lako.

Kuna mtego wa pili, na fundi wetu aliuingia vilevile. Windows iliyozoea diski ya SATA ukiibandika ghafla kwenye virtio, vifaa vya kubuni vya KVM vyenye kasi, inatoa skrini ya buluu, `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`, maana draiva ya kuisoma diski yake haimo. Yeye akaamua Windows "imekufa" na kutaka kusakinisha upya, kwa malipo mapya. Tiba yake haifiki hata dakika 20. Iwashe kwanza kwa SATA, na firmware, programu inayoiamsha mashine, iwe ileile iliyokuwa VirtualBox: kama ilikuwa BIOS, chagua BIOS, usichague UEFI. Ongeza diski ndogo ya GB 1 ya aina ya virtio na ISO ya virtio-win (CD ya draiva kwa umbo la faili), washa, sakinisha draiva. Windows ikishaiona ile diski ndogo, zima, badilisha diski kuu iwe virtio, ondoa ndogo. Kadi ya mtandao nayo ifanye virtio, draiva yake ni NetKVM iliyomo kwenye ISO hiyohiyo.

Saa nayo. Windows inaamini kwamba saa ya mashine ni saa ya hapa. Ukiunda mashine kwenye virt-manager, dirisha la kuunda mashine za KVM, bila kuchagua kuwa ni Windows, libvirt huipa saa ya UTC, na sisi tuko saa tatu mbele. Saa nne asubuhi Windows inasema saa moja. Ankara zinachapwa na muda wa uongo na watu wanadhani kuna mtu anachezea vitabu. `virsh edit uhasibu`, tafuta mstari wa `clock`, andika `offset='localtime'`, zima kabisa na uwashe. Basi.

Kwa nini tulihama, kama VirtualBox ilikuwa inafanya kazi? Kwa sababu moduli yake, `vboxdrv`, haimo ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Kila kerneli ikibadilika inabidi ijengwe upya. Ukikosa `linux-headers` za toleo hilo, inagoma na `rc=-1908`. Ukiwa umewasha Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwasha inayokataa programu zisizo na saini, inagoma mpaka uitie saini na kusajili ufunguo kwa `mokutil --import`, kisha uthibitishe kwenye ile skrini ya buluu wakati wa kuwasha. Usipokuwepo mbele ya skrini, nafasi hiyo inapita. Halafu ikaja kerneli 6.12, ambayo ndiyo ya Debian 13. Kuanzia hapo KVM hushika VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine, mara tu moduli yake inapopakiwa, hata kama hakuna mashine inayoendeshwa, na VirtualBox ikija kuiomba inakuta imekaliwa: `VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE`. Ukitaka kubaki nayo, andika `kvm.enable_virt_at_load=0` kwenye mstari wa kerneli ndani ya `/etc/default/grub`, kisha `update-grub`. Inatibu, ndiyo. Lakini mfumo wa ofisi haufai kuwa wa kuombewa dua kila `apt upgrade`.

KVM imo ndani ya kerneli tangu 2.6.20, mwaka 2007. Kerneli ikibadilika, nayo imebadilika pamoja nayo, hakuna cha kujenga. Kwa kompyuta inayokaa mezani na waya wa mtandao, sioni sababu ya kutumia kitu kingine, na nilikuwa tayari kuandika hapa kwamba VirtualBox itupwe.

Ila ngoja. Siwezi kusema hivyo kwa mtu mwenye laptopu inayotegemea Wi-Fi. Daraja la `br0`, linaloifanya mashine ionekane kwenye mtandao wa ofisi kama kompyuta nyingine, kwenye waya ni amri mbili tatu za `nmcli`. Kwenye Wi-Fi halikubali, kwa kuwa ruta haipokei pakiti zenye anwani ya MAC ambayo haikujiunga nayo. Unabaki na mtandao wa `default` wa 192.168.122.0, ambao mashine nyingine za ofisini haziuoni, na printa inayojitangaza mtandaoni haionekani na Windows. VirtualBox hutumia MAC ya mwenyeji (kompyuta halisi) kwa niaba ya mgeni (Windows), na daraja linapita kwenye Wi-Fi. Hapo imeishinda KVM waziwazi. Na macvtap, njia ya mkato isiyo na daraja, isikudanganye: kwenye Wi-Fi inakwama kwa sababu ileile ya MAC, na hata kwenye waya Windows itawaona wote isipokuwa kompyuta inayoibeba.

Proxmox ni KVM ileile juu ya Debian, imefungwa pamoja na ukurasa wa kuisimamia kwenye bandari 8006 na hifadhi rudufu zilizo tayari. Nzuri sana, lakini inataka kompyuta yake peke yake, na kisakinishi chake kinafuta diski nzima. Usipokuwa na usajili wa kulipia, `apt update` inatoa kosa la 401 mpaka uzime hazina ya `pve-enterprise` na kuweka `pve-no-subscription`. Wa FreeBSD wana bhyve ya kazi hiyohiyo, safi ukiwa na mfumo wa faili wa ZFS, ila kwa Windows moja ya uhasibu sioni haja.

Jingine, kwa sababu kompyuta nyingi mjini hapa ni mitumba. Betri ya CR2032 kwenye ubao ikiisha, stima zikipotea BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kwenye mashine nyingi hapo VT-x huwa imezimwa. Asubuhi KVM haiwaki. Andika `ls /dev/kvm`. Kama haipo, usiguse Windows wala usimwite mtu. Ingia BIOS, washa VT-x, badilisha betri. Na usitumie `cache='unsafe'` ati diski iende mbio, kwani inapuuza kila ombi la Windows la kuandika data kwenye diski kweli, na stima zikikatika katikati ya kuandika, hifadhidata ndiyo inayovunjika. Fundi alituwekea hiyo pia. Tumeirudisha `none`.

Kwa hiyo je, KVM? Ndiyo, naipenda, na sasa inafanya kazi. Kwa siku mbili tatu niliichukia bila kosa lake, na VirtualBox niliyoikimbia ndiyo iliyokuwa imezitunza ankara zote vizuri, kwenye folda ambayo mtu aliyelipwa hakutaka kuifungua. Kwa fundi huyo sirudi, na pesa zilizobaki hakupewa. Folda ya Snapshots imenakiliwa kwenye diski mbili za nje, na haifutwi mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zilingane.