Umra kutoka Kisumu: darasa lilinifaa, hoteli ilinichosha

Nimekaa miezi kadhaa bila kuandika haya. Nilitaka hasira ya hoteli ipoe kwanza, nisije nikaidhulumu kampuni ambayo kwa upande mwingine ilinitendea wema mkubwa. Jina lake silitaji. Nawaandikia akina mama na akina dada wa huku kwetu, Kisumu, Mumias, Kendu Bay, Busia, wanaodunduliza senti zao kwa nia ya Umra, ile ziara ya ibada ya Makka iliyo ndogo kuliko Hija, na hawajui waulize nini kabla ya kutoa hizo senti.

Mimi ni mshonaji, kibanda changu kiko upande wa Kibuye. Nililipa shilingi 198,000 kidogo kidogo kwa M-Pesa, miezi 14. Kila nikikabidhi sare za shule au gauni la harusi natuma elfu tano, elfu saba, na risiti ilikuja siku ile ile. Hapo nawapa haki yao. Pesa hiyo ilikuwa na viza, tiketi ya Nairobi hadi Jeddah na kurudi, malazi ya Makka na Madina, mabasi, na chai ya asubuhi. Nauli ya kufika Nairobi ilikuwa juu yangu, na chakula cha mchana na cha usiku pia. Tuliondoka Rajabu 1446, yaani Januari 2025, wanawake 19 na wanaume 12.

Kilichonifanya niwachague wao ni darasa la wanawake, Jumamosi sita baada ya Alasiri, na mwalimu wake mwanamke. Nilikuwa nimeshapita ofisi nyingine, nikamuuliza kijana wa pale: je, hedhi ikinijia Makka itakuwaje? Akatazama meza, akasema, "Hayo mama mtajipanga wenyewe huko." Nikajua hapa si pangu.

Ustadha wetu hakuanza na dua za tawafu, kule kuizunguka Al-Kaaba mara saba. Alianza na hilo hilo. Alisema, "Mtakaa Makka siku sita. Nani kati yenu ana mkataba na mwili wake?" Kisha akatusimulia Bibi Aisha (r.a.) alivyolia pale Sarif, katika safari ya Hija ya kuaga, kwa kuwa hedhi ilimjia akiwa njiani. Mtume (s.a.w.) akamwambia hilo ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu amewaandikia mabinti wa Adamu, afanye yote anayoyafanya mwenye kuhiji, ila asitufu Al-Kaaba mpaka atoharike. Akatusimulia pia Asmaa bint Umais, aliyejifungua pale Dhul-Hulaifa, mwanzo kabisa wa safari ile ile, akaambiwa aoge, ajifunge kitambaa, anuie Hija. Nilikuwa na miaka 41 na sijawahi kusikia mtu akiyasema hayo mbele ya watu bila kuyazungushazungusha. Alituambia mwenye kutaka vidonge vya kuzuia amwone daktari mapema, si wiki ya safari. Mimi nilichelewa. Nilipofika kwa daktari alisema siku zangu zimeshakaribia mno, bora niache.

La maharimu, yaani mume au ndugu wa karibu wa kiume wa kusafiri na mwanamke, lilizungumzwa pia, maana mume wangu hakuweza kusafiri. Saudia ilitangaza mwaka 2022 kwamba mwanamke anaweza kwenda Hija au Umra bila maharimu. Lakini ustadha alitaka tuende na fatwa, si na tangazo tu: katika madhehebu yetu ya Shafii, mwanamke anayekwenda kutekeleza Umra yake ya faradhi anaweza kusafiri na kundi la wanawake waaminifu. Mume wangu alikuja Jumamosi moja kusikiliza mwenyewe, akarudi nyumbani ameridhika.

Na udhu! Sisi Mashafii tukigusana ngozi na mwanamume wa kando udhu umetenguka, na kwenye tawafu utamkwepa nani? Ustadha akatuelekeza kabla ya kuanza tunuie kufuata rai ya wanavyuoni wasioona kuwa mguso usio na matamanio unatengua. Bila hilo nadhani ningetoka kutawadha mara saba.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo chomeni mapema, wanataka iwe imepita siku 10 kabla ya kuingia. Ile ya homa ya manjano pia, na kadi yake mtembee nayo pamoja na pasipoti.

Sasa mavazi, maana hapa ni kazi yangu. Mwanamke hana shuka mbili kama mwanamume, nguo yoyote ya stara ni ihramu yake, yaani vazi lake la ibada hii, na rangi si lazima iwe nyeupe. Asivae nikabu wala glavu tu. Soksi zinaruhusiwa. Nilishona magauni ya pamba tupu, kwa sababu polista inanata mgongoni. Mkono niliutia lastiki nyepesi kwenye kifundo, ukitawadha unapanda, ukiinua mikono kuomba haushuki hadi kiwikoni. Ndani suruali ya pamba ifikayo chini ya goti, kwa wenye mapaja yanayosuguana, na tuko wengi. Mifuko miwili mikubwa yenye zipu, kulia na kushoto, na kila mmoja wetu nikampa vifungo saba vya shati. Unaanza tawafu vyote viko kulia, kila mzunguko ukiisha unahamisha kimoja kushoto. Mwenzetu mmoja kutoka Mumias, mama wa miaka 68 tuliyekuwa tukimwita Kukhu, alivipokea akavibusu kama tasbihi.

Hedhi ilinijia Nairobi, asubuhi ya safari. Nilioga, nikanuia Umra ndani ya ndege rubani alipotangaza mikati, mpaka wa kuanzia ihramu, nikaleta talbia, ule wito wa mahujaji, kwa sauti ya chini. Na machozi yalitoka, hata na darasa lote lile.

Tulipofika Makka nikaiona hoteli. Tangazo lilisema mita 300 kutoka Haram, ule Msikiti Mtukufu wenye Al-Kaaba. Mita 300! Ilikuwa mwendo wa dakika 25 kwa miguu, na kilima katikati. Basi la hoteli lilikuwapo, lakini nyakati za sala barabara zinafungwa na linawashusha watu mbali. Chumba kimoja wanawake wanne, choo kimoja. Wazee wetu ndio walioumia zaidi. Kukhu alikuwa akirudi kutoka Alfajiri anakaa ukingoni mwa kitanda, hazungumzi, anajikanda magoti tu. Anayekuandikia mita 300 anajua mzee atalipa kwa sababu ya mita hizo. Hilo sijalisamehe kwa urahisi.

Usiku ule wenzangu wakaenda kufanya Umra, nikabaki. Nilikaa siku nne katika ihramu, hali ambayo manukato na kukata kucha au nywele ni marufuku. Sabuni ya hoteli ilinukia waridi, nikaifungia kabatini. Kucha sikati, nywele nachana kwa vidole taratibu nisizing'oe. Nilikuwa naleta dhikri, naomba dua, nasikia adhana ikipanda kutoka bondeni, na nahesabu: siku ya sita tunaondoka kwenda Madina. Dada mmoja wa Kinubi kutoka Kibos, tuliyekuwa naye chumbani, alikuwa akirudi kila usiku ananiletea maji ya Zamzam kwenye chupa na kunisimulia alichokiona, pole pole, kama anayemlisha mgonjwa. Kiongozi wa kundi, mwanamume, hakuwa na neno kwangu ila "subira, mama". Ustadha hakusafiri nasi, na hapo kampuni ilikosea. Lakini nilimpigia simu, na kwa kuwa saa za Makka na za Kenya ni zile zile, alinipokea hata saa nne za usiku. Alinifundisha namna ya kuhakikisha kwa pamba nyeupe, nisifanye pupa.

Usiku wa nne, saa nane hivi, pamba ilitoka safi. Nikasubiri kidogo, nikarudia. Safi. Nikakoga josho kwa kile kipande cha sabuni isiyo na harufu nilichobeba kutoka nyumbani. Nilipotoka bafuni, Kukhu alikuwa ameketi, ameshavaa viatu. "Huendi peke yako, mwanangu." Umra yake aliimaliza tangu usiku wa kwanza, na magoti yale niliyaona kwa macho yangu. Basi halikuwapo saa ile. Tulipanda kile kilima tumeshikana mikono, tukipumzika kila penye ukuta wa kuegemea.

Sitaweza kueleza nilivyoiona Al-Kaaba. Nilikuwa nimeinamisha macho, Kukhu ndiye aliyenishika kidevu akaniinua uso. Ilikuwa karibu kuliko nilivyodhani, na nyeusi ile ilikuwa kama kitambaa kizito nilichokijua, nikataka kukigusa mshono. Tukaanza tawafu usawa wa Jiwe Jeusi, pale penye taa ya kijani. Kifungo cha kwanza, cha pili. Mzunguko wa tano watu walisongamana, mama mmoja mnene akanikinga kwa mkono wake bila kunijua. Kifungo cha saba kilininyima, kilijificha kwenye pindo la mfuko, na nilikitafuta huku nikilia na kucheka.

Tukaswali rakaa mbili, tukanywa Zamzam. Kwenye sai, ule mwendo kati ya vilima vya Safa na Marwa, Kukhu alikaa upande wa Safa akanisubiri. Safa hadi Marwa ni kama mita 450, na ni mara saba, kwa hiyo umetembea kilomita tatu na zaidi. Kwenye taa za kijani wanaume wanakimbia, sisi tunatembea. Nilimfikiria Bi Hajar, mama yake Nabii Ismail. Yeye hakuwa na marumaru wala feni, alikuwa na mtoto mwenye kiu na milima miwili. Alikimbia kwa dhiki yake, na leo mwanamume wa kila taifa anakimbia pale alipokimbia mama huyo. Kila nikirudi Safa namkuta Kukhu ameinua vidole: viwili, vinne. Ananihesabia, haviamini vifungo vyangu.

Nywele za kumalizia Umra hatukukatia Marwa, mbele ya wanaume. Tulirudi chumbani, Kukhu akachukua mkasi wangu wa kukatia nyuzi, akapima kwa ncha ya kidole chake, akakata. Kile kishungi nimekihifadhi kwenye kitambaa, kiko nyumbani.

Madina hoteli ilikuwa karibu kweli, sina la kulalamika. Ila jueni kwamba kuingia Rawdha, ile sehemu tukufu ndani ya Msikiti wa Mtume, mnahitaji kibali kwenye programu ya Nusuk, kila mtu kwa jina lake, na wanawake wana saa zao. Kampuni iliandika "ziara ya Rawdha" kana kwamba wao ndio wanaotuingiza. Kukhu ana simu ya kabambe, ya vitufe tu. Akaunti yake tuliifungua kwenye simu ya yule dada wa Kibos, binti yangu akituelekeza kutoka Kisumu, na nafasi tuliipata siku ya mwisho. Fungueni mapema, mkiwa bado nyumbani.

Niliporudi nilikwenda ofisini na karatasi yangu. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi, akasema zile mita aliambiwa na wakala wa Makka. Nikamwomba mambo mawili: tangazo litaje jina la hoteli, mtu aipime mwenyewe kwenye ramani ya simu, na kila kundi lenye wanawake lisafiri na ustadha. Tangazo jipya nimeliona. Jina la hoteli lipo, na siku za Makka zimekuwa nane. La ustadha kusafiri bado wanasema gharama, na nimewaambia nitarudi kuliuliza. Jumamosi ijayo ustadha ameniita darasani niwaonyeshe wenzangu ile mifuko inavyoshonwa. Vifungo nimeshavihesabu, saba saba, kwa watu 23.