Tiketi ya Arusha au Moshi hadi Dar es Salaam: ipi ununue kwanza?

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) hadi Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni takribani kilomita 450 kwa mstari ulionyooka, ilhali basi la kutoka Arusha, likipitia Segera na Chalinze, hutembea zaidi ya kilomita 600. Wengi husema kwamba ndege ni ya saa moja na basi ni la siku nzima. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa kuwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi haianzi mlangoni pako. Ndiyo maana hapa tiketi zimepangwa kwa kutazama muda wote, kutoka nyumbani hadi unakokwenda, pamoja na nauli na mizigo.

Nafasi ya kwanza ni ya ndege ya moja kwa moja kutoka KIA. Uwanja huo uko kati ya miji yetu miwili, ingawa Moshi ni karibu kidogo kuliko Arusha. Mkazi wa Arusha atatumia karibu saa nzima barabarani, atafika saa moja na nusu kabla ya ndege kuondoka, ataruka kwa saa moja na dakika chache, atasubiri begi lake, kisha atakutana na foleni ya Barabara ya Nyerere. Jumla ni kama saa tano, na mwenye kushukia Mbezi au Bunju aongeze. Hata hivyo, huo ni nusu tu ya muda wa basi.

Usilipe zaidi kwa sababu tu ndege ni ya jeti. Airbus A220 huenda kasi ya zaidi ya kilomita 800 kwa saa na ATR ya pangaboi takribani 500, lakini katika safari fupi namna hii sehemu kubwa ya muda huishia katika kupaa na kushuka, kwa hiyo jeti hukuokolea kama robo saa tu. Chagua saa ya kuondoka inayokufaa, na ukitaka kuuona Mlima Kilimanjaro, keti upande wa kushoto. Katikati ya Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kula sikukuu, viti vya kutoka Dar hugombaniwa. Anayetoka huku kwenda Dar huwa na nafuu hadi Januari, mkondo unapogeuka.

La pili ni basi la usiku, ambalo limewezekana tena tangu mwaka 2023, serikali iliporuhusu mabasi kusafiri saa 24. Mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi, huifanya safari kuwa ya saa kumi hadi kumi na mbili. Nauli ni ndogo kuliko ya ndege, na mizigo haipimwi kwa ukali wa uwanja wa ndege.

Ndege ndogo za Kisongo, uliko Uwanja wa Ndege wa Arusha, nimezipa nafasi ya tatu, ijapokuwa uwanja huo uko karibu kabisa na mji wa Arusha. Cessna Caravan ni ya mwendo wa taratibu, nyingi hupitia Zanzibar kwanza, na kwa kawaida mzigo hauruhusiwi kuzidi kilo 15. Kwa mtu wa Moshi hazina maana yoyote.

Treni, iliyorejeshwa Arusha mwaka 2020, ni ya mwisho kwa muda: haiondoki kila siku. Inamfaa mwenye nafasi na mizigo mingi.