Return of the Obra Dinn: gemu la meli ya mizimu linalotaka umjue kila marehemu kwa jina

Kama we ni mtu wa stori za meli za mizimu, hili gemu usilipite aisee. Lilitoka 2018, kalitengeneza Lucas Pope, yule aliyetengeneza gemu la Papers, Please, karibu lote peke yake, hadi muziki katunga mwenyewe.

Stori iko hivi, meli ya biashara Obra Dinn iling'oa nanga London 1802 ina watu 60, ikapotea, halafu 1807 inaibuka bandari ya Falmouth, Uingereza, matanga yamechakaa na hamna mtu sitahani. We ni mkaguzi wa bima wa East India Company, kampuni kubwa ya biashara ya Waingereza enzi hizo, unapanda melini na saa ya mfukoni, ukiifungua mbele ya maiti unasikia sekunde zake za mwisho halafu unajikuta katikati ya tukio lenyewe limeganda, kila mtu kasimama palepale alipokuwa, we unazunguka tu unaangalia nani alikuwa wapi na kashika nini. Kazi ni kujaza kitabu: huyu nani, kafaje, nani kamuua. Majibu yanathibitishwa matatu matatu kwahiyo kubahatisha hakukufikishi mbali, inabidi usikilize lafudhi, uangalie mavazi, nani anapenda kukaa na nani.

Na hapo ndo liliponishika. Chukua Mary Celeste, meli ya kweli hii, ilikutwa 1872 inaelea upande wa visiwa vya Azores, bahari ya Atlantiki, bila mtu, mpaka leo watu wanasimulia meli, meli, meli, lakini wale 10 waliopotea, mmoja wao katoto ka miaka 2, ni wangapi wanawajua? Hili gemu linakataa kabisa huo mtindo, hata baharia wa chini kabisa huwezi kumuandika "baharia fulani" ukasonga mbele, lazima umtafutie jina lake.

Picha ni rangi mbili tu kama kompyuta za Macintosh za zamani, mwanzoni macho yanasumbuka ila unazoea, na rangi unaweza kubadilisha kwenye setingi.

Kasoro ipo: ukitaka kurudia tukio lazima utembee mpaka ilipo maiti, kitabu hakikupeleki, na ukikaribia mwisho inachosha kweli. Kiswahili pia hamna.

Bei yake kamili Steam (duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta) ni kama dola 20, na kwenye Switch, PS4 na Xbox One lipo toka 2019. Ila ukishayajua majibu ndo basi, kwahiyo video za YouTube kaa nazo mbali mpaka umalize.