Faiba ya nyumba nzima Tabata: uzoefu wangu na intaneti isiyohesabiwa

Ninaishi Tabata, nyumba ya kupanga yenye familia nne. Tuna faiba, yaani intaneti ya waya, ya Mbps 20 kwa shilingi elfu sabini kwa mwezi, na tunachangia kama tunavyochangia bili ya maji. Majirani wanaofikiria kuvuta wananiuliza maswali yaleyale, hasa wazazi wenye watoto wa sekondari, kwa hiyo nayaweka yote hapa, mazuri na yanayokera. Kampuni siitaji.

Kasi ndiyo wanayoitangaza kwenye mabango. Nyumbani kwetu kilichobadilika hasa ni kwamba tumeacha kuhesabu MB.

Zamani mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, akitaka kutazama somo la kemia alikuwa anaomba simu ya mama yake, anajiunga bando la siku, anatazama nusu ya somo huku jicho moja liko kwenye salio. Saa moja tu ya video ya 720p inaweza kula GB nzima, au ikazidi. Kwa hesabu hiyo hakuna mtoto anayerudia somo. Na kusawazisha milinganyo ya kemia bila kurudia, kwa mwanafunzi wa kawaida, haiingii kichwani. Sasa anasimamisha, anarudisha nyuma, anaandika, anarudisha tena. Amegundua pia kwamba walimu wa YouTube wanaozungumza Kiingereza cha haraka unaweza kuwapunguza mwendo hadi 0.75 na kuwasha maandishi chini ya picha. Hilo ni kubwa kuliko linavyosikika: mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu Kiingereza, na darasani huwezi kumwambia mwalimu apunguze mwendo.

Kitu ambacho wazazi wengi hawakijui, na kwangu peke yake kinalipa ile elfu sabini: Baraza la Mitihani, NECTA, huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zinaeleza swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi na kwa nini, na ndani yake kuna picha za majibu yenyewe, mazuri na mabaya, kwa mwandiko wa watahiniwa. Ni bure. Ni mafaili makubwa ya PDF, na kwa bando la siku hakuna mtu aliyekuwa anathubutu kupakua ya masomo saba. Sisi tumepakua za miaka kadhaa, zimekaa kwenye kompyuta ya nyumba, na vijana wa hapa hubishana juu ya majibu ya wenzao wa zamani kama wanavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina vitabu vya kiada vya kusoma bila malipo, kwa hiyo ile hadithi ya kitabu kimoja kwa watoto watano imepungua makali. Wadogo wao wapo kwenye Ubongo Kids, hesabu kwa Kiswahili na kwa nyimbo, mpaka na mimi nimezikariri.

Mama wa chumba cha pili anauza vitafunwa. Hakuwa na haja na masomo ya mtu. Siku hizi usiku anatazama namna ya kupamba keki, na ameanza kupokea oda za sherehe za mahafali.

Tuje kwenye kasi. Wengi wanasoma Mbps 20 wakadhani ni MB 20 kwa sekunde. Gawanya kwa nane: unapata MB 2.5. Faili la MB 100 linashuka kwa kama sekunde arobaini, mambo yakiwa sawa. Kwa mtu mmoja hiyo ni kubwa mno. Kwa familia nne saa mbili usiku, mmoja akiwa kwenye mpira, mwingine kwenye tamthilia na wanafunzi wawili kwenye masomo, inatosha, lakini haibaki. Tulimwomba fundi atutengenezee mtandao wa pili kwenye ruta hiyohiyo (kile kifaa kinachorusha waifai), wenye nywila yake na kikomo cha kasi. Burudani zote zikahamia huko jioni, na kelele zikaisha. Ruta nyingi za siku hizi zina uwezo huo, uliza tu kabla fundi hajaondoka, maana akishapanda bodaboda yake kumpata tena ni kazi.

Muulize pia ruta itakaa wapi. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini kuta za tofali za kwetu yanazipenya kwa shida, ya 2.4 GHz yanafika mbali kwa kasi ndogo. Yetu iko kwenye korido katikati ya nyumba, juu, si kwa mpangaji wa kwanza kulipa kama alivyotaka mwenyewe.

Sasa yanayokera. Umeme ukikatika, waya unaotoka kwenye nguzo hauna tatizo lolote, ila ruta imezima, na kwa watu wa nyumbani hiyo ni "intaneti imekatika". (LUKU ikiisha saa tatu usiku, lawama bado zinaenda kwa kampuni ya intaneti.) Dawa yake ni UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, ya volti 12, ambayo inaisukuma kwa saa kadhaa. Tulichanga tukanunua. Mtoto anayesoma kwa kompyuta mpakato yenye chaji hahisi hata kama giza limeingia.

Baya zaidi ni waya kukatwa. Wachimbaji wa mtaro walipita mtaani kwetu wakaondoka na faiba ya nyumba kadhaa. Huduma kwa wateja walijibu kwa upole, kila mara kwa upole uleule, na fundi hakuja. Alikuja baada ya majirani wote kupiga simu asubuhi moja kwa mpango. Fidia ya siku tulizokaa bila huduma hatukuipata. Kwa bei ya mwezi mzima nilitarajia zaidi ya pole. Kabla ya kulipa, muulize mtu wa mauzo: waya ukikatika mnakuja baada ya muda gani, na siku zile mnazirudisha? Akianza kuzungumzia ofa, umeshapata jibu.

Kuna na kukatika kwa aina nyingine ambako fundi wa mtaani hana la kufanya. Nyaya za baharini, zile zinazopita chini ya bahari kutuletea intaneti kutoka nje, ndizo zilizotutoa kwenye zama za kulipia nusu saa kwenye intaneti kafe ya Posta. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ikafuata 2010. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilipata hitilafu kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikayumba. Uwe na faiba ya kifurushi cha juu kabisa, siku kama ile mnalingana na mwenye bando la mia tano. Ndiyo maana nasisitiza kupakua: vitabu, taarifa za NECTA, video za masomo magumu. Kilicho ndani ya kompyuta hakiulizi habari za bahari.

Watoto wa nyumba za jirani? Wanakuja. Tumewaruhusu alasiri baada ya shule, barazani, kwa kazi za shule. Wengine wanaingia TikTok, sitadanganya, na hatuna muda wa kuwa polisi. Kuna jirani alinishauri tuuze waifai kwa saa tujilipie gharama. Tukakataa. Kuuza intaneti ni biashara yenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mkataba wetu ni wa matumizi ya nyumbani.

Kampuni naipa nyota nne kwa huduma yenyewe, mbili kwa matengenezo. Kampuni imetupigia ikitaka tupande hadi Mbps 40. Tulikaa wapangaji tukalijadili na wote tukaona foleni ya hapa si ya kasi: ni vijana watano kwenye kompyuta moja. Ile nyongeza waliyotaka tulipe kila mwezi tunaiweka kando, na ikitimia tunakwenda Kariakoo kutafuta kompyuta mpakato ya mtumba.