GVRC (kituo cha kusaidia waathiriwa wa ukatili wa kijinsia) ya hospitali ya Nairobi Women's, nawapa nyota 5

Nilipeleka jirani yangu hapa baada ya kubakwa na aki hawa watu wanajali, alitibiwa bure, akapewa PEP (dawa ya kuzuia HIV) haraka juu hiyo dawa lazima uanze kabla masaa 72 yaishe, na kaunsela akakaa naye polepole bila kumsukuma aongee. Tafadhali ukibakwa usioge kwanza wala usifue nguo, ushahidi unapotea!! Kituo cha polisi ndio kilituudhi, walitaka hela ya fomu ya P3 (ya polisi, daktari hujaza majeraha) na hiyo fomu haiuzwi, kataeni kulipa. Fidia pia iko, Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inakuruhusu kudai kwa mwenye alikuumiza, so mwambie wakili wa serikali mapema. Ukikwama piga 1195, laini ya msaada wa ukatili wa kijinsia, ni bure.