Uzoefu wangu na programu ya kuigiza biliadi ya nje

Programu hii huchora biliadi ya nje, mfumo ambamo pointi haidundi ndani ya meza bali huzunguka nje ya umbo: kutoka ilipo huchorwa tanjenti, yaani mstari mnyoofu unaoligusa umbo bila kulikata, daima kwa upande uleule, kisha pointi huruka hadi ng'ambo ya mguso kwa umbali ule ule, na hesabu huanza upya. Swali lake kuu, ambalo mwanahisabati Jürgen Moser alilieneza katika miaka ya 1970 kama kielelezo chepesi cha uthabiti wa mfumo wa jua, ni iwapo pointi inaweza kutoroka na kuzidi kila mpaka.

Kwa mraba kila njia hujifunga, na picha hukamilika upesi. Pentagoni sawa inavutia zaidi, kwa kuwa katikati ya vigae vya njia zinazojirudia hubaki fraktali, yaani umbo linalojirudia kwa ukubwa unaozidi kupungua, ambayo mwanahisabati Serge Tabachnikov aliionyesha kuwa na kipimo (mstari una 1, uso una 2) cha takriban 1.24.

Kinachonifanya niipendekeze, hata hivyo, ni chaguo la hesabu kamili, yaani bila kukadiria kwa desimali. Kwa poligoni, miruko miwili mfululizo ni sawa na kuihamisha pointi kwa mara mbili ya vekta (mshale) inayounganisha vipeo viwili, yaani ncha mbili za umbo, hivyo vipeo vikiwa vya namba nzima, kujumlisha na kutoa kunatosha. Umbo la kishada la Penrose, lenye pande nne na lililopewa jina la mwanahisabati Roger Penrose, huhitaji kipeuo cha pili cha 5, nalo huhifadhiwa kwa jozi za namba nzima. Hili si anasa: Richard Schwartz alithibitisha mwaka 2007 kwamba kishada hicho kina njia zisizo na mpaka, na kosa dogo la desimali karibu na mstari wa mgawanyo, unaotenganisha sehemu ambazo tanjenti zake hugusa vipeo tofauti, huipeleka pointi kwenye kipeo kingine, ukabaki kutazama tabia ya kompyuta badala ya tabia ya umbo. Ajabu ni kwamba chaguo hili limefichwa ndani ya menyu, huku desimali zikiwa ndizo hali ya kuanzia.

Kwa nusu duara, ambayo wanahisabati Dolgopyat na Fayad walithibitisha mwaka 2009 kuwa nayo ina njia zinazotoroka, programu hutumia desimali pekee na haitoi onyo lolote. Ninaipa nyota nne kati ya tano. Onyo hilo lingeniongezea sababu ya kutoa ya tano.