Wiki yangu ya kwanza na Elden Ring

Nimekulia kwenye gemu za mpira, nikijiona mkono wangu ni mwepesi. Elden Ring imenionyesha vingine. Ni gemu ya Kijapani, kazi ya FromSoftware chini ya Hidetaka Miyazaki, iliyotoka Februari 2022. Mimi nimeipata juzi tu, diski ya mtumba, nikaitia kwenye PlayStation 4 hapa nyumbani Langoni, Lamu.

Hakuna pahali pa kuchagua gemu iwe nyepesi au ngumu. Unatoka chini ya ardhi, mbele yako majani na mti wa dhahabu uliojaa mbingu, na njiani anapita mpanda farasi mwenye deraya inayong'aa. Nikamvaa. Mapigo mawili, nimekufa. Nikarudi, nikafa tena. Mara ya sita ndipo nilipofahamu kwamba halazimiki kupigwa: mzunguke kwa mbali, pita zako hadi kanisa lililobomoka, utamrudia ukishapata nguvu. Hapo gemu hii ikanikamata kabisa.

Ukifa, runi zako, yaani pointi za kununulia vitu na kuongezea nguvu, hubaki pale ulipoangukia. Ukifa tena kabla hujaziokota, zimekwenda. Nimeumia sana kwa hilo.

Sasa niko kwa Margit, mlinzi wa ngome ya Stormveil. Huyu huinua fimbo yake juu, kisha haishushi. Anangoja. Kidole chako kimeshabonyeza, umeshabingiria, ndipo inapokushukia mgongoni. Mpwa wangu tulikuwa tumekaa naye mkekani, akaniambia, "Mjomba, wewe waikimbia fimbo kabla haijaja. Ngoja mkono ushuke." Nikangoja. Damu ya Margit ikapungua hadi karibu na nusu, nikainuka nimesimama, naye akatoa nyundo ya nuru na kuniponda. Lakini kila nilipokufa niliona kosa langu lilipo, na hiyo ndiyo sababu sikuweka padi chini.

Kinachoniudhi ni kwamba kufungua menyu hakusimamishi vita. Adhana ya magharibi ikikukuta kwa Margit, umekwisha. Maandishi nayo ni madogo mno kwa televisheni yetu.

Farasi wangu wa kwenye gemu nimempenda mno: ana pembe, na huruka majabali kama mbuzi. Na jana, usiku wa ndani ya gemu, nilipita tena lile kanisa, nikamkuta mchawi ameketi juu ya ukuta. Amenipa kengele ya kuita roho za mbwa-mwitu watatu. Leo baada ya isha naingia nao kwa Margit.